Mpiga Pasi Aliyenunua Nyumba Aliyopanga

Saa moja asubuhi, chumba cha kufulia cha hoteli kimeshajaa mvuke. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anatandaza shuka, anapitisha pasi, anakunja, anavuta nyingine. Tabasamu limemshinda kulificha. Jana alitia saini hati ya nyumba ya vyumba sita, ileile ambamo amepanga chumba cha uani kwa miaka kumi na tisa.

"Usingizi umekataa," anasema. "Nikifumba macho nahesabu milango."

Wenzake humwita Mkono wa Birika. Kazini huja kwa miguu, chakula hubeba kutoka nyumbani, na kila mwisho wa mwezi, kabla hajanunua hata chumvi, theluthi ya mshahara huenda benki.

Binti yake, sasa muuguzi, alisoma akivaa sare yenye viraka. "Nilimchukia mama," anakiri. "Nilidhani hatuna kitu. Kumbe tunacho, ila hakiguswi."

Kiliguswa mara moja, mwaka wa saba wa kuweka akiba, binti alipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Nusu ya akiba iliyeyuka. Mwezi uliofuata mama akaanza upya.

Miezi mitatu iliyopita, mwenye nyumba, mzee aliyetaka kuhamia kwa mwanawe, aliwaambia wapangaji kuwa nyumba inauzwa, kila mtu ajitafutie pengine. Wengine wakabaki kunung'unika. Mpiga pasi akamfuata kibarazani.

"Baba, unauza kiasi gani?"

"Mwanangu, bei hiyo utaumia roho bure."

"Nitajie tu."

Akamtajia. Mama akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha benki. Mzee alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Na mimi miaka miwili sikukupandishia kodi kwa kukuonea huruma."

"Huruma hiyo nayo nimeiweka humo, baba."

Akiba ilipungukiwa sehemu moja ya kumi ya bei. Usiku huo alimweleza binti yake, naye akamwonyesha kwenye simu salio lililotosha kuziba pengo hilo. Tangu mshahara wake wa kwanza, bila kumwambia mtu, binti naye alikuwa akiweka theluthi. "Nililia kama mtoto," mama anasema.

Wapangaji wote wanabaki. "Nimeishi miaka yote hiyo nikiogopa kuambiwa hama. Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."

Chumba cha mbele atakifanya duka la dobi, na kuanza na mashine mbili. "Mwaka kesho ukija utanikuta napiga pasi vilevile," anasema, akivuta shuka nyingine. "Ila pasi itakuwa yangu."