Gwantwa: ‘Njumu zilikuwa halisi, uwanja ndio sikuuliza’

Saa moja asubuhi, malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, na Gwantwa Kibona (43) ameingiza pua yake yote ndani ya kiatu cha mpira cha mtu mwingine.

Ananusa gundi. Halafu anakunja soli mpaka ncha ikaribie kisigino, anaiachia, anaitazama inavyorudi. Anapitisha ukucha kwenye mshono, polepole, kama anayetafuta mwiba.

“Unachezea wapi?” anamuuliza kijana aliyeleta njumu hizo.

“Chapwa, mama.”

“Uwanja una nyasi?”

“Zipo pembeni. Mbuzi wanazimaliza.”

Mwenye mali, Osea, muuza mitumba ambaye amesimama akisubiri hela yake, anaguna. “Mama Nesta, siku hizi unakagua viatu au unakagua viwanja?”

Gwantwa anamrudishia kijana njumu. “Ni halisi. Lakini usichukue. Meno haya ya chuma ni ya kwenye tope.”

Osea anaondoka na viatu vyake akinung’unika kwamba mama huyu atawafukuzia wateja.

Gwantwa ni fundi viatu katika soko la Tunduma. Kwa miaka kumi na moja, vijana wanaotaka njumu za bei mbaya hawatoi hela mpaka yeye aseme neno. Humpa shilingi elfu mbili kwa kila jozi, na siku nzuri hukagua tano.

Alizaliwa milimani Ileje. “Kwetu mvua ni nyingi. Kaka zangu walikuwa wanateleza tu uwanjani. Mimi nilijua kiatu kizuri ni kile kinachong’ata ardhi.”

Hivyo ndivyo alivyojua mpaka Agosti ya mwaka juzi, alipokuja Yesaya.

Yesaya alikuwa na miaka kumi na tisa, winga wa kushoto, ametoka Kamsamba. Timu moja ya Vwawa ilikuwa imemwita kwenye majaribio baada ya wiki mbili. Mama yake aliuza magunia mawili ya mpunga, na jozi aliyoipenda ilikuwa shilingi laki moja na themanini.

“Alinisalimia vizuri, shikamoo mama. Akaniuliza neno moja tu, ni halisi? Nikanusa, nikakunja, nikavuta. Nikamwambia ni halisi, chukua. Alicheka, akazivaa pale pale, akawa anatembea kwenye saruji zinalia ko, ko, ko. Hata mimi nilifurahi.”

Kamsamba ni bondeni. Mwezi wa nane joto limekausha kila kitu, na uwanja wa akina Yesaya ni udongo mweusi ambao ng’ombe waliukanyaga ukiwa tope, ukakauka hivyo hivyo, na nyufa zake. Siku ya tatu ya mazoezi aligeuka na mpira. Jino la kiatu likabaki kwenye ufa. Goti likageuka peke yake.

Vwawa hakwenda.

Gwantwa alizijua habari hizo miezi minne baadaye, njumu zilipoletwa na Boazi, mjomba wa Yesaya, kutafutiwa mnunuzi.

“Nilizitambua. Nikazikagua tena. Gundi imeshika, mshono haujaachia hata uzi. Nilikuwa sahihi, na hicho ndicho kinachoniuma. Zingekuwa feki ningesema nilidanganywa.”

Hakumwambia Boazi kitu. Alizinunua mwenyewe, akayang’oa meno yote kwa koleo.

Sasa Yesaya anapima mchele mashineni, ameketi. Mguu haukunjiki sawasawa. Kinachomnyima Gwantwa raha ni kwamba kijana huyo bado anamletea wateja.

“Wanakuja kutoka bondeni wananiambia, Yesaya katutuma, kasema wewe hukosei. Yeye anaamini ni bahati mbaya. Wengine kwao wanasema alirogwa, na kuna jirani hasalimiwi tena kwa ajili hiyo. Mimi nanyamaza, napokea elfu mbili yao.”

Mumewe, Raphaeli, anayeshona naye meza moja, amemshauri aache yaliyopita. “Nilimwambia, wewe uliulizwa kiatu, hukuulizwa goti,” anasema Raphaeli.

“Mtoto hajui cha kuuliza,” mkewe anamkatiza. “Anayejua ndiye anayeuliza. Fundi nilikuwa mimi.”

Jumamosi hii hatafungua meza. Anakwenda Kamsamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Anataka kufika kwanza kwa yule jirani asiyesalimiwa, amchukue, waende wote mpaka kwa Yesaya na mama yake.

“Nitasema mbele yao wote watatu kwamba ni mimi. Wakinifukuza nitaondoka, nauli ya kurudi ninayo. Lakini natumaini yule jirani watambakiza, wampe hata kiti.”