Msambazaji Wetu wa Pili, Elburgon

Kuna watu pale kazini ambao mpaka leo wakinipita kwenye korido wanakoroma kidogo kwa pua, halafu wanajifanya wana mafua, na mimi nawaacha tu, kwa sababu aibu niliyojiletea mwenyewe siwezi kumbebesha mtu mwingine. Wacha niwaambie ilivyokuwa, kabla hamjasikia ile ya mtaani ambayo wameitia chumvi.

Mimi ni mtu wa manunuzi kwenye kiwanda kidogo cha dawa hapa Nakuru. Tunatengeneza dawa za kapsuli, na ganda la kapsuli (hata mimi sikujua mpaka nilipoajiriwa) ni gelatini, na gelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya mnyama, kwa hivyo mteja Mwislamu ana haki ya kuuliza ni mnyama gani, na alichinjwaje. Sasa tulikuwa tumepata mnunuzi mkubwa wa Pwani aliyetaka dawa zetu, mradi ziwe na cheti cha halali. Tungekosa cheti, wale akina mama wa kufungasha wangepunguzwa kazini, na wote walijua.

Maombi ya cheti yalikuja na fomu, na fomu yenyewe haikutaka kujua tu kama dawa ni halali leo, ilitaka kujua kama itabaki halali siku mambo yakiharibika, yaani anayekuletea gelatini ya ng'ombe akikwama, utatoa wapi nyingine ya halali, na itachukua muda gani kufika. Niliijaza Ijumaa saa kumi jioni, nikiwa na harusi ya kuwahi Njoro. Swali moja likauliza, "Una msambazaji wa pili aliye karibu?" Jibu la kweli lilikuwa hapana. Lakini hapana ilikuwa na mistari mitano ya kueleza kwa nini, na ndiyo ilikuwa na mstari mmoja tu, wa jina na mahali. Nikaandika ndiyo. Njoroge, Elburgon.

Njoroge ni binamu yangu. Ana karakana ya mbao, na zamani alikuwa akichemsha kwato za ng'ombe kwenye pipa apate gundi ya viti (harufu yake ilifanya majirani waitishe mkutano). Na kwa kuwa gundi ya kwato na gelatini ni kama ndugu, nilijiambia sijadanganya, nimekaribia tu.

Baada ya wiki chache mkaguzi akaja, Madam Halima, mama mtaratibu mwenye sauti ya chini, aina ya mtu ambaye hakufokei, anakungoja tu. Akakagua stoo, mashine, hata sabuni ya kunawa akainusa. Daktari Cheruiyot, mfamasia ambaye ndiye bosi wetu, alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa meno yote. Ndipo Madam akafungua fomu yangu.

"Huyu wa Elburgon tumjaribu," akasema. "Tuseme msambazaji wenu mkuu amekwama leo. Mpigie, agiza kilo tano, tupime atachukua muda gani kufika hapa."

"Sasa hivi, Madam?"

"Mambo hayaharibiki kwa miadi."

Akawasha saa ya kupimia kwenye simu yake, akaiweka mezani. Bosi akaniangalia kwa fahari. Ningesema ukweli hapo, ingeishia hapo. Nikapiga simu, na Madam akaomba niweke spika.

"Niaje Shiru," Njoroge akasema, msumeno ukilia nyuma yake.

Nikatoa sauti ya ofisi, ambayo hajawahi kuisikia tangu nizaliwe. "Habari ya asubuhi, Bwana Njoroge. Tungependa kilo tano za ile bidhaa yako ya ng'ombe, kwa dharura."

Msumeno ukazimwa. "Bidhaa gani?"

"Ile ya kwato."

"Ile gundi? Shiru, uko sawa? Umeshikwa na watu?"

Nikacheka kama mtangazaji wa televisheni, nikamwambia alete kiwandani haraka, nikakata. Madam Halima akaandika kitu kwenye daftari, polepole.

Sasa Njoroge ni mtu wa roho safi. Kwa sauti ile aliamua nimetekwa. Akachukua mkebe wa gundi ya zamani uliokuwa nyuma ya karakana, na kwa kuwa hana gari, akadandia pikapu ya jirani iliyokuwa inakuja Nakuru. Jirani anafuga nguruwe, na nyuma ya pikapu kulikuwa na mmoja, jike kubwa, anapelekwa kwa mnunuzi. Haya nilielezwa baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa nakunywa chai na Madam, nikimwomba Mungu barabara ifungwe.

Haikufungwa. Saa moja na nusu haijaisha, soja akapiga simu kutoka getini kwamba mzigo umefika. Bosi akapiga makofi. Hata Madam akainua nyusi. "Si mbaya," akasema. "Wengi hushindwa hapa."

Tukatoka mpaka pale tunapopokelea mizigo, bosi mbele kama bwana harusi. Njoroge alikuwa ameegemea mlango wa nyuma wa pikapu, amekumbatia mkebe wake, ana unga wa mbao mpaka kwenye kope. Aliponiona mzima akaja mbio kwa furaha, na ule mlango, ambao kumbe ni mgongo wake ndio uliokuwa umeushikilia, ukafunguka.

Nguruwe hakuruka. Alishuka kwa utulivu kama abiria aliyefika kwao, akatuangalia mmoja mmoja, halafu akaanza kumwendea Madam Halima.

Madam alikusanya nguo yake, akarudi nyuma hatua tatu. "Na huyu," akauliza kwa sauti ileile ya chini, "yuko kwenye fomu?"

Mimi nikaona nijitolee. Nikajitanua katikati, mikono na miguu, kama golikipa, na nguruwe akapita katikati ya miguu yangu, isipokuwa yeye alikuwa mnene kuliko nafasi iliyokuwepo, kwa hivyo tulienda pamoja. Nilikaa mgongoni kwake, uso ukiangalia mkiani, tukazunguka uwanja mzima mbele ya madirisha ya akina mama wa kufungasha, mpaka akanimwaga kwenye rundo la maboksi matupu. Njoroge katika kukimbia kuniokoa alijikwaa, na gundi yote ikamwagika kwenye viatu vya bosi.

Nguruwe alipokamatwa na kurudishwa kwenye pikapu, Madam akaja akasimama juu yangu.

"Huyu kijana ana gelatini?"

"Hana, Madam. Ni binamu yangu. Nilikuwa nawahi harusi."

Bosi alikuwa ameinama, ameshika kiatu kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa anajaribu kuinua mguu.

"Ungeandika hapana," Madam akasema, "ningewapa miezi mtafute. Hapana si dhambi. Sasa cheti kinangoja, na hapa patasafishwa."

Palisafishwa mara saba, moja ikiwa kwa maji yenye udongo, jinsi alivyoelekeza yeye kuondoa najisi ya nguruwe, na aliyeshika ndoo na fagio mara zote saba ni mimi, akina mama wakinihesabia kwa sauti kutoka dirishani. Njoroge alibaki kunisaidia, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza kama ningependa akaandikishe maelezo polisi, maana bado aliamini nilitekwa.

Miezi ilipita, nikampata msambazaji wa pili wa kweli, wa Nairobi, mwenye karatasi zote. Madam alirudi, akawasha saa yake, na mzigo ukachukua siku mbili. Akaandika siku mbili, akatia sahihi, na akina mama wakabaki na kazi yao.

Mimi nimeapa sitaandika tena jina la mtu wa ukoo wangu kwenye mstari wowote wa fomu yoyote. Juzi hospitali iliniuliza ndugu wa karibu wa kupigiwa nikizidiwa, nikaandika mchungaji. Njoroge amesikia, na amenuna.