Iko mu njia

Nikisikia nyundo ikigonga jiwe, kung, kung, kung, meno yangu hukazana yenyewe na ulimi hupata ladha ya kiberiti. Si jiwe lolote. Ni lile jeusi la kwetu Goma, tunaloliita makoro, jiwe lililotoka mlimani likiwa uji wa moto na kuganda katikati ya mitaa yetu. Ukija kwetu utazisikia nyundo hizo kila upande, maana mji huu tumeujenga kwa kilekile kilichouangusha. Lakini kwangu mimi mlio ule ni wa mwezi mmoja tu, mwezi wa nane wa mwaka ule mlima ulipopasuka. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nangoja kuingia darasa la tano ambalo halikuwepo.

Hilo la darasa lisilokuwepo inabidi nilieleze. Shule yetu ilikuwa changa kuliko sisi wenyewe. Mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa, aliianzisha na darasa moja katika chumba cha mbao, na darasa hilo lilikuwa letu. Wote walimwita Mama Direktrisi. Kila mwaka tulipomaliza, wazazi wetu walitumia likizo kubwa kujenga chumba kimoja zaidi ili tupate mahali pa kupanda. Kwetu mtoto haingii darasa jipya, anapanda. Basi hatukuwahi kuwa na wakubwa mbele yetu, wala hatukuwahi kuketi kwenye benchi lililokaliwa na mwingine. Tulinukia mbao mbichi na misumari mipya, na majivuno yetu yalikuwa hayabebeki.

Mwezi wa kwanza mlima ukapasuka. Moto ulishuka ukala nyumba yetu, ukala soko mama alipokuwa akiuza maharagwe, ukala na shule. Tulikimbilia ng'ambo ya mpaka na umati wote wa mji, na tuliporudi baada ya siku chache tulikuta kiwanja cheusi kilichopanda juu kuliko barabara. Kitu pekee kilichobaki kinaonekana ni ncha ya mlingoti wa bendera, imetokeza kwenye jiwe, inanifika kiunoni.

Katika msongamano ule wa kukimbia ndipo nilipompoteza Furaha. Tuliketi benchi moja tangu darasa la kwanza. Familia yao ilitoka Rutshuru, na baada ya siku ile hakuna aliyejua wameelekea wapi. Mfukoni mwangu nilikuwa na penseli yake, kreyo kama tunavyoiita, iliyotafunwa kichwa. Nilikuwa nimeiiba asubuhi hiyohiyo. Wengine walipoteza nyumba wakalia. Mimi nilipoteza nyumba na bado kilichoninyima usingizi ni penseli.

Tulimaliza mwaka kanisani, madarasa manne katika ukumbi mmoja, kila mwalimu akijaribu kupaza sauti juu ya mwenzake. Halafu, likizo ilipokuwa katikati, akaja Ispekteri, mkaguzi wa shule. Miaka ile mji ulikuwa chini ya waasi, na waasi wale walipenda ofisi kama watu wengine wanavyopenda nyama: walikuwa na ofisi ya kila kitu, na ya shule pia. Ispekteri alisimama juu ya makoro kwa viatu vilivyong'aa, akawaambia wazazi kwamba shule imekwisha. Kiwanja, kwa kuwa mlima umekisawazisha vizuri, kitapewa mkubwa mmoja aegeshe malori yake. Watoto watagawanywa kwenye shule nyingine. Na kwa kuwa karatasi za matokeo zimeungua, wote watarudia darasa.

"Na tukifungua shule hapahapa?" akauliza Mama Direktrisi.

Ispekteri akacheka. Akasema Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa atapita na orodha yake. Akikuta madarasa, na wanafunzi wanaitika majina yao, ataandika kwamba shule iko. Jina lisiloitikiwa atalikata. Asipokuta kitu, atakata shule nzima. Alisema hivyo kama mtu anayemwahidi kuku kwamba akiota meno atamlisha nyama.

Jioni ile baba, ambaye alikuwa akisukuma mizigo kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, alisugua mabega yake yaliyochoka akasema, "Mwenye nguvu mupishe, Mama Kahindo."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Mwenye nguvu tulishamupisha. Njo ile volkano," akasema, na njo kwetu ni ndiyo. "Huyu wa pili atuzunguke."

Kesho yake salongo ikaanza. Salongo ni kazi ya wote kwa mikono yao, na wazee wetu walikuwa wameichukia tangu zamani walipokuwa wakilazimishwa kuifanya. Safari hii hakuna aliyewalazimisha, na sijaona watu wakifanya kazi kwa hasira tamu namna ile. Wanaume walivunja jiwe, wanawake walibeba kichwani, sisi watoto tuliokota vipande vya kuziba matundu. Makoro yanakata kama chupa. Kandambili zetu zilikwisha wiki ya kwanza. Mvua ikinyesha, mvuke ulitoka kwenye nyufa, na tuliketi juu yake kupasha moto makalio, tukifukuzwa na kurudi.

Mama Direktrisi alipima kwa hatua kutoka ncha ya mlingoti. "Hapa chini ni biro yangu," akasema, yaani ofisi yake. "Hapa chini ni kalasi ya kwanza." Tulikuwa tunatembea juu ya paa la shule yetu. Akatugeukia sisi wa tano, mikono kiunoni: "Mulikuwa munataka kupanda? Sasa mumepanda."

Ugomvi ulitokea siku ya kwanza yenyewe. Wanaume walitaka kuanza na darasa la kwanza, kama watu wenye akili. Mawe hayatoshi, siku hazitoshi. Angalau wadogo wapate ukuta. Mama yangu akatua jiwe lake katikati yao.

"Tukianza na ya kwanza, batasema tumerudi," alisema. "Tukianza na ya tano, batajua hatukutoka."

Wakaanza na la tano, chumba ambacho hakikuwahi kuwepo hata kabla ya moto.

Walipopanga benchi za mawe bapa na kuzitandika magunia, kila mama alipima nafasi ya mwanawe kwa upana wa mikono. Nilihesabu nikaona kwenye benchi langu pana nafasi moja ya ziada.

"Mama, Furaha haiko."

"Weye njo unaandikaka kalasi?" akajibu, akaendelea kutandika gunia.

Jumatatu ikafika. Darasa la tano lilikuwa na kuta zinazofika kifuani mwa mtu mzima na turubai juu. Mengine yalikuwa kuta za magoti, bila paa, lakini yalikuwa madarasa na kila moja lilikuwa na mlango. Familia nzima nzima zilikuja, akina mama wamejifunga vitenge vya Jumapili juu ya mikono yenye makovu. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu. Mama Direktrisi aliigonga kwa nguvu kiasi kwamba nadhani waliisikia mpaka Sake.

Ispekteri akaja na askari wawili. Wale wadogo waliitika kwa sauti za vifaranga, naye akiweka alama. Alipotufikia sisi, Mama Direktrisi aliita kutoka kichwani, maana rejista ya zamani ilikuwa chini ya miguu yetu, na aliandika kwenye daftari jipya huku Ispekteri akifuatisha kwenye orodha yake. Kahindo. Prezan! nikaitika, yaani nipo. Akaita wengine. Kisha akaita Furaha.

Kalamu ya Ispekteri ikainuka. Nataka niwe mkweli kwako: sikuwa shujaa. Penseli ilikuwa mfukoni inanichoma paja, basi. Nikabana pua nikasema, "Prezan!"

"Wewe umeshaitika," Ispekteri akasema. "Huyo namukata."

"Usimukate."

Alikuwa mama yangu, amesimama mlangoni, vumbi jeusi bado kwenye nywele. "Iko mu njia."

"Njia gani?"

"Ya kuja. Kiti yake njo ile."

Wote wakatazama gunia tupu pembeni yangu. Ispekteri akafungua mdomo, lakini Mama Direktrisi alikuwa ameshaita jina lililofuata, la mvulana aliyepotea na familia yake vilevile. Darasa zima tukajibu, hatukupanga, "Iko mu njia!" Jina jingine: wakaitika na wazazi nje ya ukuta. Mpaka orodha ikaisha, hakuna jina hata moja lililoanguka chini.

Ispekteri akachungulia daftari la Mama Direktrisi. "Tunaandika P, prezan, ao A, absan. Hii N ni nini?"

"Ni ya njia. Ni Kiswahili, Muheshimiwa."

Askari mmoja, kijana, alicheka mpaka akashika ukuta wetu, na ukuta haukutikisika. Ispekteri alifunga orodha yake akaondoka bila kuaga. Malori hayakuja. Wengine walisema aliona haya, wengine kwamba yule mkubwa alipata kiwanja kizuri zaidi. Sijui mpaka leo.

Mwaka ule wote, kila asubuhi, Mama Direktrisi aliita Furaha, na kila asubuhi tukajibu iko mu njia. Tulianza kwa kiburi, tukaendelea kwa mazoea. Nilipokua niliisimulia kama hadithi ya ujanja: jinsi tulivyomdanganya mtu wa waasi. Nilisifiwa sana kwenye hadithi hiyo, hasa nilipoisimulia mwenyewe.

Siku hizi ninafundisha shule ileile. Mama Direktrisi alipostaafu alinipa lile daftari, na mlima ulipopasuka tena nilikimbia nalo kabla ya kukumbuka sufuria. Bunduki zimerudi, zikaondoka, zikarudi. Kila zinapopita, majina fulani yananyamaza, na wanafunzi wangu hujibu kama tulivyojibu sisi. Wanadhani shule zote hufanya hivyo. Mwalimu mgeni kutoka Bukavu aliwahi kuandika A. Nusura watoto wamsusie.

Mwaka huu, wiki ya kuandikisha, familia zilipanga mstari mpaka barabarani. Akafika mwanamke aliyetoka njia ya Rutshuru kwa miguu, akapitia kambi ya wakimbizi ya Mugunga, akiwa na binti wa miaka tisa. Karatasi hakuna hata moja. Nikamuuliza jina la mtoto, kisha jina la mama.

Kalamu ikasimama. Nikaenda kabatini, nikafungua lile daftari mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari. Akaufuata kwa kidole chake, N baada ya N, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho wa mwaka. Akainua uso.

"Weye njo uliiba kreyo yangu," alisema.

Nililia mbele ya mstari mzima wa wazazi, na sijuti. Wakati wote ule nilidhani tulilisema jina la Furaha ili shule ibaki. Kumbe mama yangu na wenzake walivunja mikono ili pabaki mahali ambapo jina hilo litaendelea kuitwa. Mlima uliandika orodha yake, na wenye bunduki wakaandika yao. Mama yangu na wenzake walikataa kuzinakili.

Binti yake nilimpandisha darasa la nne bila karatasi. Kisha nikarudi kwenye daftari la zamani. Mwishoni mwa ule mstari wa N palikuwa pamebaki kisanduku kimoja kitupu. Nikaandika P.