Boga la Mbegu Lililoibwa Mchana Kweupe

Anayewajibika ni binamu yangu, mtoto wa kike wa mjomba wangu, mjane, mkazi wa nyumba inayotazamana na yangu. Naliandika jambo hili mwanzoni kabisa ili msomaji asipoteze muda wake kuwatuhumu tumbili, nguruwe pori au kiboko. Hao nao wana makosa yao, na mmoja wao nitamtaja kwa haki mahali pake. Lakini boga la mbegu, boga pekee lililokuwa limebaki la marehemu mama yangu, halikuliwa na mnyama. Liliibwa mchana kweupe, na mtu mzima aliyejifunga kanga mbili, huku akiimba.

Nililishuhudia tukio lote. Nilikuwa juu ya dungu, na sikuwa na njia ya kushuka.

Nilistaafu utumishi wa umma nikiwa msimamizi wa masijala, nikarudi kijijini kwetu, upande huu wa Kibiti ambako lami huachwa nyuma na udongo huzidi kuwa mweusi kadiri mtu anavyoukaribia mto. Nilirudi na mashati yangu ya mikono mirefu, jembe jipya, na imani kwamba kitu kilichowekwa mahali pake hakipotei. Mke wangu alilitazama lile jembe, akaligeuza, akauliza, "Hili ni la kulimia, au tulitundike ukutani pamoja na cheti chako?"

Tulikuwa na bustani mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, nyuma ya jiko: matuta ya mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele, na kichaka cha pilipili ambacho hakuna aliyekumbuka kukipanda. Ya pili ilikuwa ya pamoja, kule bondeni, ambako wanawake wa mtaa wetu hulima mlau. Mlau ni kilimo cha kuyafuata maji. Mto ukishafurika na kuanza kurudi nyuma, watu huyafuata maji hayo yanavyoondoka, wakipanda kunde, mahindi na mboga katika tope ambalo bado linang'aa. Kiongozi wa bustani hiyo alikuwa binamu yangu. Hakuna aliyemchagua. Nilipouliza utaratibu uliotumika, niliambiwa nishike ndoo.

Mimi sikwenda bondeni. Tope na suruali yenye upindo haviendani.

Sasa nieleze kuhusu boga. Mama yangu alilipanda maisha yake yote, na mama yake kabla yake. Shingo yake ni ndefu na imepinda kama ya bata anayetazama nyuma, ganda lina mistari ya kijani iliyokoza, na nyama yake ina rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Majani yake machanga, yakipikwa kwa tui, humfanya mgeni asahau nauli. Mbegu zilikaa katika kibuyu juu ya jiko, moshini, ambako mdudu hafiki. Kisha yakaja mafuriko yale ambayo kila mtu huku anayakumbuka, yakalibeba jiko zima: mafiga, uchaga, kibuyu na mbegu. Maji yalipoondoka tulitafuta katika kila nyumba. Hakuna aliyekuwa na mbegu ya boga la mama. Wote walikuwa wakizitegemea za kwetu.

Basi fikirini furaha yangu nilipokuta, kwenye jalala nyuma ya nyumba, mche mmoja ukitambaa kati ya maganda ya mihogo! Nilimwita mke wangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kazini. Tuliuchezea ngoma ule mche. Naam, tuliuchezea, mimi na mtu niliyemwoa tukiwa vijana, tukizunguka jalala kama watoto siku ya Idi. Ulizaa maboga machache, tumbili wakayachukua yote ila moja. Tangu hapo uzao wote wa boga la mama ulikuwa ndani ya ganda moja, na lilipaswa kukomaa hadi kikonyo kikauke ndipo mbegu zake zifae.

Nilichukua hatua. Niliizungushia bustani ya nyumbani nyavu chakavu za kuvulia zilizoletwa kutoka Mbwera. Nilijenga dungu, kibanda kile cha juu ya nguzo ambacho watu wetu hukaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Dungu hujengwa shambani, mbali. Mimi nililijenga nyuma ya nyumba, nikapanda na kiti, thermosi ya chai na redio.

"Kaulizeni," binamu yangu alitangaza kisimani, "kama boga lile limeajiriwa serikalini. Lina mlinzi!"

Hapa lazima nitaje desturi, maana ndiyo kiini cha kesi. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Ana haki ya kukuita majina, kukalia kiti chako, na kuchukua kilicho chako mbele ya macho yako. Nawe ukikasirika, mkosaji ni wewe. Binamu yangu aliitumia haki hiyo bila kupumzika. Aliniita "mume wangu" hadharani, akamwita mke wangu "mke mwenzangu", na mke wangu, ambaye nilitegemea angepinga, alimkaribisha uji.

Asubuhi ya tukio alikuja na wanawake wengine wa bustani ya pamoja, majembe mabegani, wakiwa njiani kwenda bondeni.

"Hodi huko juu! Bwana mkubwa, ofisi imefunguliwa?"

"Imefunguliwa," nilijibu. "Eleza shida yako."

"Shida yangu ni boga."

"Ombi limekataliwa. Kikonyo hakijakauka."

"Kimekauka tangu juzi, mume wangu. Huoni kwa sababu miwani umekivalisha kipara."

Nilipeleka mkono kichwani. Miwani ilikuwa kweli huko juu. Kwa muda nilioutumia kuishusha, kuifuta na kuipachika machoni, yeye alikuwa ameiondoa ngazi na kuilaza chini ya mwembe wa jirani.

"Rudisha ngazi!"

"Andika barua. Pitishia kwa mkuu wako wa idara."

Mkuu wangu wa idara alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akipeta mchele, na machozi ya kicheko yalikuwa yakimdondokea kwenye ungo.

"Mke mwenzangu," binamu yangu alimwita, "nipe kisu."

Naye akampa! Naliweka hili bayana: kisu kilitoka nyumbani kwangu, kwa mkono wa mke wangu wa ndoa.

Nilisimama. Dungu liliyumba. Thermosi ilianguka, ikajiviringisha hadi kwenye bamia. "Hilo ni la mama!" nilipiga kelele. "Hakuna jingine duniani!"

Binamu yangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa anacheka. "Najua ni la nani," alisema. "Mama yako ni shangazi yangu. Alinibeba mgongoni kabla wewe hujazaliwa." Kisha akakikata kikonyo, akaliweka boga kichwani juu ya kata, na msafara mzima ukaondoka ukiimba wimbo ulioongezewa beti papo hapo kuhusu mzee aliyegeuka kunguru. Nilikaa juu hadi mchele ulipomalizika kupetwa.

Nilichukua hatua tena. Niliwasilisha malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa maandishi, yenye kichwa cha habari na nakala. Shauri lilisikilizwa barazani kwake, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya kugawa mahindi ya msaada.

"Mlalamikiwa," aliuliza mwenyekiti, "ni nani wako?"

"Mtoto wa mjomba wangu."

Mwenyekiti alivua kofia yake iliyotariziwa, akajifunika nayo uso. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Alipoirudisha kichwani alijitahidi kuwa mkali. "Umemshitaki mtani? Mzee uliyesoma, umeubeba utani ukauleta ofisini? Tangu nimekalia kiti hiki sijaona." Akatoa uamuzi: wizi wa mtani si wizi, ila kuukasirikia ni kosa, na faini yake ni jogoo. Jogoo wangu mwekundu alikamatwa kabla sijamaliza kuomba nafasi ya kukata rufaa.

Walimpika siku hiyohiyo, uani kwa binamu yangu, pamoja na boga. Nilialikwa. Nilikwenda ili kulinda haki zangu, na nililetewa sahani iliyojaa. Nakiri kwamba baada ya tonge la kwanza sikuweza kukumbuka hoja yangu ya pili. Boga lilikuwa limeiva katika nazi hadi linayeyuka, na ladha ilikuwa ileile: ya jiko la mama, mvua nje, sisi watoto tukigombea ukoko. Nilicheka peke yangu mdomo ukiwa umejaa. Mwanamke aliyekaa karibu alinigongagonga mgongoni, akidhani nimepaliwa.

Ndipo nikaona kilichokuwa kikiendelea. Binamu yangu alikuwa ameweka mbegu katika ungo, na kila mwanamke aliyeaga alifungiwa gao moja, ujazo wa kiganja, katika pindo la kanga. Wa mtaa wa chini, wa njia ya zahanati, aliyeolewa Maparoni na kuja kusalimia, wote. Nilinyoosha mkono.

"Zako hazimo humu," alisema.

"Ni haki yangu kuliko mtu yeyote."

"Zako nimezipeleka bondeni. Tutazipanda kesho kwenye bustani ya wote. Ukizitaka, vua viatu."

Nilivivua. Siwezi kueleza hadi leo ni nini kilinipata kule bondeni. Tope la mlau ni vuguvugu juu na baridi chini, nalo humeza mguu hadi kwenye goti kwa sauti isiyo na adabu. Niliingia na shati langu la mikono mirefu, nikaanguka kwa mbele, nikainuliwa, nikaanguka kwa nyuma. Wanawake walicheka hadi wakakaa. Nami nikacheka, nikiwa nimelala chali kama kambale, nikilitazama anga. Binamu yangu alinionyesha namna ya kutoboa shimo kwa kijiti, kudondosha mbegu na kufunika kwa kisigino, kisha kupiga hatua moja kuyafuata maji. Tulipanda hivyo mpaka mgongo ukagoma. Kila siku iliyofuata nilitangulia kufika.

Kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu sharti niongeze jambo lisilonipendeza. Msimu huohuo tuliamka asubuhi tukakuta kiboko ameitembelea bustani yangu ya nyumbani. Alipita katikati ya wavu, akaangusha dungu, akala kila chenye jani, na kuacha nyayo kubwa kama sinia. Lau mbegu zingebaki kwangu kama nilivyopanga, ukoo wa boga la mama ungekuwa umekwisha tumboni mwa mnyama yule. Nilimweleza binamu yangu hivyo, kwa maneno rasmi. "Mimi nilikuwa na njaa tu," alijibu, akaniomba sukari.

Leo boga la mama limezagaa. Limepanda juu ya paa la madrasa. Limetambaa kwenye ua wa zahanati. Limevuka kwa mashua hadi visiwani kwenye delta. Watoto wanalibeba njiani kama mpira, nami kila nikiliona moyo unaniruka, nasimama kulisalimu, na watu wamezoea. Jambo moja tu linanikera: wanaliita boga la wizi! Nimemsikia mchuuzi wa gulioni akilinadi hivyo, "Boga la wizi, mama, tamu!" nikamsahihisha mbele ya wateja wake. Alinishukuru kwa upole, akapandisha sauti: "Boga la wizi, mwenyewe huyu hapa!"

Hata hilo ningelivumilia. Lisilovumilika ni hili. Binti wa binamu yangu alijifungua huko Kiongoroni, karibu na bahari, na mama yake akaenda kumlea mzazi. Arobaini ilipita. Hakurudi. Mlango unaotazamana na wangu umefungwa, na mke wangu anapika uji mwingi kuliko tunavyoweza kunywa. Nilimpigia simu nikamuuliza tarehe ya kurejea.

"Miguu inavimba, mume wangu," alisema. "Kupanda mashua ni kazi. Halafu kajukuu haka kamenishika. Msimu huu sikuibii. Nimestaafu."

Amestaafu! Kwa taarifa ya nani? Kustaafu kuna taratibu, nami nazifahamu: kuna kukabidhi ofisi, kuna kuaga, na kuna kuonyesha nani anakaimu. Hakuna lolote kati ya hayo lililofanyika. Bondeni maji yameanza kurudi, wanawake wananitazama mimi niwaambie tuanzie wapi, na mimi nawatazama wao.

Dungu nimelijenga upya, palepale. Chini yake kuna boga moja, kubwa kuliko lile la kwanza, na kikonyo chake kimeanza kukauka. Miwani nimeipandisha kiparani. Ngazi nimeiegemeza upande ambao mtu mwenye miguu iliyovimba anaweza kuifikia bila kuinama.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, namtaka mtoto wa mjomba wangu afike mwenyewe, si kwa simu wala kwa mjumbe, na mjukuu wake akipenda aje naye. Ajibu ni kwa nini ameliacha lindo langu bila mwizi msimu mzima. Aeleze kwa idhini ya nani amejistaafisha. Na alichukue boga hili mbele yangu, kwa kisu cha mke wangu, kabla maji hayajatutangulia. Nasubiri utekelezaji. Nipo juu.