Kipara Kati ya Ranchi na Nyumba Zetu

Watu wa kwetu hawajui kuacha ardhi tupu. Mtu akiona mahali pasipo na mti wala shina la mahindi, mkono unamwasha. Huko juu Chawia mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hadi mengine ukilala miguu inaingia kwa jirani, na ndiyo maana wengi wetu tulishuka tambarare, chini ya Ronge, tukajipanga kando ya ranchi. Tulishuka na kanuni moja tu: anayefyeka pori ndiye mwenye shamba. Hati hatukuwa nazo. Panga ndilo lililokuwa hati.

Kiangazi kimoja moto ulitoka kwenye nyasi za ranchi ukala boma la majirani zetu wa upande wa chini, nyumba, mbuzi na bibi mmoja mgonjwa aliyesahauliwa kitandani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tuliunda kamati ya matumizi ya ardhi, nami nikachaguliwa kwa sababu ya mdomo wangu, hilo silifichi. Afisa wa mipango, msichana mpole kutoka Voi, alikuja na ramani akaitandika juu ya meza ya kanisa. Alichora ukanda mpana kati ya ranchi na nyumba zetu. Ndani ya ukanda huo, alisema, hakuna kujenga, hakuna kupanda, hakuna kurundika kitu.

“Hata kuni?” mzee mmoja akauliza.

“Hata kuni, mzee wangu.”

Tuliuita kipara. Ili kazi iishe haraka, kila nyumba ilipewa kipande cha kufyeka mbele yake. Tulifyeka tukiimba, wanawake wakipika uji kando, na jioni ardhi ilikuwa nyekundu, safi, inapendeza. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa na hakuna aliyeliona, si msichana yule wala sisi. Tulikuwa tumempa kila mtu panga na kipande. Kwa hesabu za kwetu, jasho lilipokauka kila mtu alikuwa na shamba jipya.

Kipande cha mbele ya nyumba yangu alikifyeka ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alikuwa mtu wa vibarua kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba huyo mtoto mgongoni hadi akajifunza kutembea, na hadi alipoanza shule aliniita mama. Shamba dogo la Chawia lilienda kwa kaka yetu mkubwa. Huyu mdogo alifuata kazi ya mkonge, kazi ikaisha, akashuka kwetu wakati mapori yote yameshafyekwa. Aliishi kwangu na mke na watoto watatu katika chumba kimoja, bila kunung’unika, na nilimpenda kuliko watoto wangu wengine wote. Ndiyo, nimesema watoto wangu.

Nilirudi siku moja kutoka soko la Mwatate nikakuta ameshachimbia nguzo kwenye kipara.

“Ng’oa,” nikamwambia.

“Dada, hii nimefyeka mimi.”

“Ulifyeka ili pabaki wazi!”

“Wazi ya nani? Ya panya? Mimi watoto wangu walale wapi?”

Alijenga nyumba ya udongo akaiezeka mabati, kisha akaizungushia ua wa miba mikavu, mrefu kunishinda. Upande mmoja ua uligusa nyasi za ranchi. Upande wa pili ulikaribia jiko la makuti la jirani yangu. Nilipomwuliza kama ana akili, alicheka. “Ndovu wanapita hapa kila mara. Ulitaka nizungushe nini, maua?” Ndani ya ua aliweka magunia ya makaa ya kuuza. Wengine waliona hakuna aliyemfanya kitu, nao wakaanza kuchungulia vipande vyao.

Kamati ilikubaliana ua ubomolewe. Midomo ilikuwa mingi na mikali siku hiyo. Nilisema nitakwenda mwenyewe, sikutaka vijana wa watu wamguse. Nilishika tawi la kwanza nikalivuta, naye akatoka na rungu akanipiga begani. Nilimrudishia kwa mpini wa jembe. Tulipigana vile ambavyo hatukuwahi kupigana utotoni, tukabingiria ndani ya miba, mimi nikimng’ata sikio na yeye akinivuta nywele, mke wake akipiga mayowe: “Wifi, utamuua! Wifi!” Tulitenganishwa tukivuja damu kila mahali. Chifu alituita wote wawili akaamua ndugu yangu akae hadi mvua zinyeshe, halafu ahamishwe. Ahamishiwe wapi, chifu hakusema. Kwenye ramani mahali hapo hapakuwepo.

Mvua hazikusubiriwa na moto. Ulikuja mchana, upepo ukivuma kutoka ranchini kuja kwetu, nyasi zikiwa zimekauka zinafika tumbo la ng’ombe. Tulianza kusikia mlio wake kabla ya kuuona, kama lori linalopanda mlima. Kisha wanyama wakaanza kutoka. Digidigi walitupita miguuni bila kutuogopa. Mmoja alikuwa anawaka mgongoni. Alikimbilia ua wa ndugu yangu, akagonga, akaanguka, na kijana mmoja akammaliza kwa jiwe kabla hajaiwasha miba.

Tulikuwa wengi kwenye kipara, na matawi mabichi na mitungi ya maji. Kushoto ardhi tupu, kulia ardhi tupu, na katikati ule ua. Kila aliyelima nyika anajua la kufanya hapo. Kile ambacho moto mkubwa utakula, ukichome mapema kwa moto mdogo, kuanzia upande wa nyumba, watu wakiwa wamejipanga kuzima cheche. Lakini hakuna aliyejitokeza. Midomo yote ya kamati ilikuwa imefungwa, macho yote yananitazama mimi. Niliwachukia siku ile kuliko nilivyouchukia moto.

Nilimpeleka wifi yangu na watoto barabarani. Alibeba godoro na sufuria, analia bila sauti. Niliporudi, ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni pa ua na panga, pipa la maji nyuma yake.

“Nitauzima mwenyewe,” akasema.

“Hutaweza. Utakufa, na utatuua wote.”

“Basi nife.”

Niliingia jikoni kwa jirani nikachomoa kijinga cha moto mekoni. Nilipomkaribia alisema, “Dada, usithubutu.” Nikathubutu. Panga lilinishukia mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na kabla ya damu kutoka niliona weupe wa mfupa wangu. Vijana walimrukia wakamwangusha. Wanne walimkalia. Wa tano alimkanyaga mkono ulioshika panga, akakanyaga tena na tena hadi ukaachia, nami nikasikia vidole vikivunjika. Kijinga kilikuwa bado mkononi mwangu wa kulia. Nilikitia kwenye miba.

Iliwaka mara moja. Magunia ya makaa yalishika, mabati yakaanza kupasuka na kuruka. Watu walipiga cheche kwa matawi kama wanaoua nyoka. Ndugu yangu, uso wake umebanwa kwenye mchanga, hakunitukana. Aliniita mama. Aliita hivyo hadi sauti ikaisha, na mimi nilisimama pale nikidondosha damu, nikihakikisha nyumba yake inaungua yote.

Moto mkubwa ulipofika ulikuta majivu. Ulinguruma, ukatafuta pa kupitia, ukafuata kipara hadi kwenye korongo la mawe ukafia huko. Iliungua nyumba moja tu.

Nilishonwa Voi. Mkono haukunjiki sawasawa hadi leo. Baadaye msichana wa mipango alirudi na ramani yake, akafurahi kusikia ukanda ulifanya kazi, kisha akasimuliwa habari ya nyumba. Aliweka kalamu chini. “Sasa huyu atakaa wapi?” aliliuliza baraza zima. Nilisimama nikawaomba, mmoja mmoja, kila aliyebaki na paa amkatie ndugu yangu hatua chache za shamba. Mmoja alitazama viatu. Mwingine akasema ana watoto wengi. Jirani yangu, ambaye jiko lake la makuti limesimama hadi leo, alisema, “Hayo ni ya familia.” Nilimtukana mbele ya chifu na mbele ya mchungaji, na sijatubu.

Nilikata shamba langu mwenyewe. Nilifyeka kwa mkono mmoja upande wa tangi la maji, mahali palipo na kivuli, nikachimbia vigingi, nikashuka Voi, alikokwenda na familia yake, kumpa habari. Alikuwa amepanga chumba karibu na reli. Aliponiona alinitolea kiti. “Karibu, dada.” Vidole vyake vilikuwa bado vimefungwa. Wifi alinitengea chai, watoto wakanisalimu kwa adabu wakabaki wamesimama nyuma ya mama yao. Nilimweleza kila kitu, tangi, kivuli, mipaka. Alisikiliza hadi mwisho.

“Asante, dada,” akasema. “Pale ni pazuri. Na najua ulifanya vile ilifaa. Lakini nikikaa pale, kila siku ukipiga kiberiti uwashe jiko, mimi nitashika watoto nitoke mbio.”

Aliyasema bila hasira yoyote. Kama angenipiga ningejua la kufanya.