Mlango Mpana wa Jiko la Chuma

Miaka kumi nimelisha makaa injini za treni hapa Kamina, kwa hiyo nani angenifundisha moto? Dukani mke wangu, aliyejifunza mapishi kwa masista, alipenda jiko dogo la chuma. Mimi nikachagua lile kubwa jeusi, linalong'aa kama injini mpya, kwa mlango wake mpana.

"Utaweza kuliwasha?" mke wangu akauliza.

"Mama Ilunga, minyi niko muntu wa moto!"

Nyumbani, mbele ya majirani, nikalijaza makaa hadi kwenye mlango ule mpana, nikawasha. Moshi ukatufukuza sote. Ulipopungua, mke wangu akafungua mlango mdogo wa pembeni; ndani mlikuwa mtupu, safi.

"Baba Ilunga," akasema kwa upole, "moto iko inakaa humu. Kule weye uliwasha, njo kwa kupikia mukate."