Siku Tisa katika Depo ya Muzee Muhindi

Walisema sitamaliza hata shule ya msingi. Jirani yetu mmoja alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia, "Weye? Utachunga ng'ombe za batu mpaka uzeeke!" Leo diploma yangu ya chuo kikuu kutoka Kisangani iko ukutani, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa Bunia, bila msaada wa mjomba wala mwanasiasa. Sioni haya kujisifu, ndugu yangu. Lakini wiki iliyopita nilikuta mafundi waking'oa mlango wa chuma wa duka la Muzee Muhindi, nikashindwa kuendelea na safari.

Nyuma ya mlango ule tulijifungia siku tisa. Bibi yangu alikuwa mpishi wa muzee, nami, mtoto bado, nilimfuata kazini asubuhi ile risasi za vita zilipoanza mjini. Muzee akatuingiza depo, ghala la duka lake, akafunga kwa ndani. Kulikuwa na giza, joto la mabati na harufu ya sabuni. Harufu ya samaki haikuwepo. Mtaa mzima, yeye peke yake hakuuza samaki wa Tchomia, kule ziwani.

Ili nisilie, alinisimulia habari za mwalimu wake, mtawa wa dini ya Kijaini kule India. Alizaliwa kwa wauza dhahabu, akaacha yote, akatembea miguu mitupu kijiji hadi kijiji, hata uzeeni akikataa gari. Alifunika mdomo kwa kitambaa asimeze mdudu. Alifagia mahali taratibu kabla ya kukaa. Alifundisha kwamba kila chenye uhai kinaogopa kufa kama wewe. Ndiyo maana muzee hakula nyama, wala kitu kilichong'olewa ardhini, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vyake. Bibi alimcheka sana: mtu wa Bunia asiyekula muhogo!

Sisi tulikula unga wa muhogo ambao bibi alikuwa ameununua sokoni. Muzee alikuwa na unga wa mahindi, ukaisha polepole. Kikombe cha mwisho nilikilamba mimi, unga mbichi, nyuma ya magunia. Bibi akalaani panya. Muzee akasema, "Muache, mama. Hata panya iko na njaa."

Siku ile alikunywa maji tu. Kesho yake hakuweza kuinuka. Nikamwona bibi akimkorogea muzee uji wa unga wa muhogo.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Muzee iko anakufa. Ukisema, nitakupiga."

"Ni mahindi, mama?" muzee akauliza.

"Mahindi, papa. Nilipata kidogo chini ya gunia."

Akanywa. Nje risasi, ndani uongo wa bibi na wizi wangu, na mlango mmoja tu, umefungwa.

Siku ya tisa alituambia imefika siku ambayo mwalimu wake aliwafundisha, kila mwaka, kumwomba kila mtu msamaha. Akajikokota hadi kwa bibi, akakutanisha viganja. Bibi akaangua kilio.

"Usiniombe, papa! Ni miye nilikukosea. Ile uji iko na muhogo."

"Najua, mama. Miaka yote hii Bunia, nisijue harufu ya muhogo? Nilijua toka kijiko ya kwanza. Niliogopa kufa, nikakuachia weye uongo, uubebe peke yako. Ni ile naomba unisamehe."

Wakashikana mikono, wakilia kama ndugu. Kisha akanigeukia. "Na weye, mutoto wangu? Kama nilikukosea, unisamehe."

Alisubiri. Nikasema, "Nimekusamehe." Basi.

Jioni risasi zilinyamaza, majirani wakaja kugonga, tukafungua. Muzee akaondoka kwa ndege, na sikumwona tena. Bibi amekufa, mahali pa duka watauza simu.

Nimesimama mbele ya maprofesa, nikatetea kazi yangu kwa Kifaransa bila kigugumizi, ukumbi ukapiga makofi. Maneno mawili ya Kiswahili, mbele ya mzee mwenye njaa aliyekuwa akinisubiri, yalinishinda: ni miye.